Badiliko Linalobaki Mchungaji Akihama

Nilipangiwa usharika wangu wa kwanza nikiwa na umri wa miaka 31, nimetoka chuo cha theolojia na daftari lililojaa mambo ya kurekebisha. Ulikuwa usharika wa mlimani, wa kahawa na migomba, wenye wazee waliokuwa wameanza kuimba katika kanisa lile kabla baba yangu hajaoa. Jumapili ya kwanza niliona mambo mawili yaliyonikera. La kwanza, sadaka ilihesabiwa na wazee wawili sakristia, mlango umefungwa, na jumla yake ikaandikwa kwenye karatasi iliyokunjwa na kutiwa mfukoni. La pili, baada ya ibada watu walisimama uwanjani karibu saa nzima wakinadi mikungu ya ndizi, mayai, maboga na kuku. Wenye fedha walipandishiana bei huku wakitaniana. Mimi niliona ni kupoteza muda, tena ni majivuno.

Ndani ya mwaka mmoja nilikuwa nimebadilisha yote mawili. Nilileta vitabu vya stakabadhi, nikaunda kamati ya kuhesabu sadaka, nikagawa bahasha zenye namba ya kila msharika. Mnada nikaufuta: anayetaka kumtolea Mungu mazao yake, ayauze sokoni kwanza, alete fedha ndani ya bahasha. Nililipitisha jambo hili katika Baraza la Wazee kwa kikao kimoja. Hakuna aliyepinga, nami nikaandika kwenye muhtasari kwamba wote wameafiki. Mapato yaliongezeka. Viongozi wangu walinisifu, na nilipoalikwa kwenye semina nilianza kuutolea mfano usharika wangu.

Baada ya miaka minne nilihamishwa. Miaka miwili baadaye nikarudi kumzika mwinjilisti tuliyefanya naye kazi. Nilipofungua kabati la sakristia kutafuta stola, nilivikuta vile vitabu vya stakabadhi. Mchwa walikuwa wamekula majalada. Nakala ya mwisho iliyoandikwa ilikuwa na saini yangu, ya juma lile nililoondoka. Jumapili iliyofuata niliwasikia nje wakinadi ndizi.

Nilimwuliza mzee mmoja wa Baraza, mtu niliyemheshimu sana, kulikoni. Alinijibu kwa upole kabisa: "Vile vitabu vilikuwa vyako, Mchungaji. Ulipohama tulidhani utatuma mtu avifuate."

Siku hiyohiyo mhazini wa zamani aliniambia jambo jingine ambalo hakuthubutu kuniambia nilipokuwa mchungaji wake. Kulikuwa na bibi mmoja mjane ambaye kwa miaka mingi alileta mkungu wa ndizi kila alipovuna. Sokoni kulikuwa mbali, na miguu yake haikuweza. Nilipofuta mnada alianza kuleta bahasha yake ikiwa tupu, akiwa ameifunga vizuri, ili namba yake isikosekane kwenye orodha. Mhazini aliandika sifuri kila Jumapili na kunyamaza. Mimi nilikuwa nimeiona ile mistari ya sifuri kwenye taarifa, nikadhani ni msharika mgumu wa kutoa.

Wapendwa, tangu siku hiyo nimekuwa nikijifunza somo moja ambalo chuoni nilidhani nimelifaulu: mabadiliko ya kudumu hutokeaje katika usharika, katika taasisi, katika jamii? Na ndani ya swali hilo kuna jingine, la dhamiri: je, ni haki kuwabadilisha watu kwa faida yao wenyewe, bila wao?

Wako wataalamu waliolichunguza swali la kwanza kwa makini. Mmoja wao ni Kurt Lewin, mwanasaikolojia Myahudi aliyezaliwa mwaka 1890 na kuhama Ujerumani mwaka 1933, Hitler alipotwaa madaraka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa Marekani, katika jimbo la Iowa. Nyama nzuri ilikuwa inahitajika jeshini, na serikali ilitaka familia zile sehemu za ng'ombe ambazo akina mama wa kule walizidharau, kama moyo na figo. Msomaji wangu atacheka, maana kwetu supu ya namna hiyo hugombaniwa. Lakini kwao ilikuwa aibu kuiweka mezani.

Lewin na wenzake waliwagawa akina mama katika makundi. Baadhi ya makundi yalipewa mhadhara mzuri: faida za vitamini, haja ya taifa, namna ya kupika. Makundi mengine yalipewa habari hizohizo, lakini yakaachwa yajadili. Je, mwenzako nyumbani atasema nini? Harufu yake utaiondoaje? Mwishoni waliulizwa nani yuko tayari kujaribu, wakainua mikono mbele ya wenzao. Baada ya muda waliulizwa nani kweli amepika nyama ambayo hakuwahi kuipika. Waliosikiliza mhadhara walikuwa 3 katika kila 100. Waliojadili na kuamua walikuwa 32.

Niliposoma takwimu hizo nilijiona mwenyewe. Kikao changu kimoja cha Baraza kilikuwa mhadhara. Ukimya wao niliuita kibali. Lewin alifundisha pia kwamba badiliko lina hatua tatu, kama barafu: kwanza kilichoganda kiyeyuke, kisha kisogee mahali papya, kisha kigande tena huko kiliko. Mimi nilisogeza bila kuyeyusha, na niliondoka kabla ya kitu kuganda. Tena tuwe wanyenyekevu: hata kwa njia ile bora, 68 katika kila 100 hawakupika.

Hata hivyo elimu hii peke yake hainitoshi, kwa sababu ina mtego ndani yake. Serikali ilikuwa imekwisha kuamua akina mama wale wapike nini; mjadala ulikuwa njia ya kuwafikisha pale. Nasi tunaujua mtego huo vizuri. Ni mara ngapi tumeitwa kwenye warsha, tukasaini karatasi ya mahudhurio, tukapewa soda na posho, tukagawanywa katika vikundi na kuandika maoni kwenye makaratasi makubwa, huku mpango wenyewe umekwisha kupigwa chapa? Hiyo nayo huitwa kushirikisha. Watu hawadanganyiki. Hukaa kimya, hula chakula, na mradi ukiisha hurudi walikokuwa. Kumshirikisha mtu ili afanye ulichokwisha kuamua ni kumtumia, hata kama ulichoamua ni chema.

Tazama jinsi Kanisa la kwanza lilivyofanya (Matendo 6:1–7). Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Lilikuwa kosa la mfumo, na wenye madaraka walikuwa Waebrania. Mitume wangeweza kutoa waraka wa kuwakumbusha wagawaji wawe waangalifu. Badala yake waliita mkutano wote, wakakiri kwamba kazi imewashinda, wakawaambia watu wachague wenyewe. Soma majina ya wale saba waliochaguliwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Meza ilikabidhiwa kwa upande uliokuwa unasahauliwa. Mitume waliweka mikono juu yao, kisha wakaiachia kazi. Hapa kushirikisha si mbinu, kwa kuwa aliyekuwa na mamlaka ametoka akiwa na mamlaka pungufu.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza ni hiki: yule anayeleta badiliko, yeye mwenyewe ameachia nini? Mimi katika usharika ule sikuachia kitu. Wazee wawili walipoteza ufunguo, na ufunguo ukahamia kwangu.

Sisi Walutheri tuna somo jingine ambalo liko nyumbani mwetu. Mwaka 1521, baada ya kusimama mbele ya Kaisari huko Worms, Martin Luther alifichwa katika ngome ya Wartburg. Akiwa huko, wenzake wa Wittenberg waliendesha matengenezo mbio. Siku ya Krismasi mwaka huo Karlstadt aliongoza ibada bila mavazi ya kipadre na kuwapa washarika mkate na divai, jambo ambalo walei hawakuwa wamelizoea. Mwanzoni mwa 1522 ikaamriwa sanamu ziondolewe makanisani, na watu wengine wakazivunja kwa nguvu. Mji ukawa na ghasia, na dhamiri za wengi zikachanganyikiwa. Mtu aliyefundishwa tangu utotoni kwamba kugusa mkate mtakatifu kwa mkono ni dhambi alitakiwa kuugusa Jumapili hii, la sivyo aonekane si mwamini.

Luther alirudi Wittenberg mapema Machi 1522, na kuanzia Jumapili ya tarehe 9 alihubiri siku nane mfululizo. Jambo la kushangaza ni kwamba mengi yaliyobadilishwa yeye mwenyewe aliyaunga mkono. Hakuwaambia wamekosea wanakokwenda. Aliwaambia wamekosa upendo njiani. Imani, alisema, haiwezi kulazimishwa. Neno lihubiriwe, nalo litafanya kazi moyoni kwa wakati wake, na wenye nguvu wawasubiri walio dhaifu kama mama anavyomlisha mtoto maziwa kabla ya chakula kigumu. Baadhi ya desturi za zamani zikarudishwa kwa muda. Ibada ya Kijerumani ilianza kutumika Wittenberg mwishoni mwa 1525, zaidi ya miaka mitatu baadaye, na safari hiyo ikabaki.

Lakini kusubiri peke yake nako hakukutosha. Mwaka 1527 ilianzishwa ziara ya ukaguzi katika sharika za Saksonia, na mwaka uliofuata Luther mwenyewe akashiriki. Alichokikuta kilimhuzunisha: vijijini watu waliitwa wafuasi wa Injili, lakini wengi hawakujua hata Sala ya Bwana, na baadhi ya wachungaji hawakuweza kufundisha. Miaka kumi tangu zile hoja 95, matengenezo yalikuwa yamebadilisha vitabu na mijadala ya wasomi, lakini hayakuwa yamefika jikoni. Jibu lake lilikuwa Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, ambayo kila mmoja wetu ameikariri wakati wa kipaimara. Huenda hatukutilia maanani maelezo yaliyo juu ya sehemu zake kuu: jinsi mkuu wa nyumba anavyopaswa kuwafundisha watu wa nyumbani mwake. Luther alilitoa fundisho mimbarani akalipeleka mezani, kwa baba na mama, wenye watoto na watumishi, asubuhi na jioni. Mchungaji akihama, meza inabaki.

Ningeweza kuishia hapo, na insha ingekuwa nzuri na ya kustarehesha. Lakini dhamiri hainiruhusu, kwa sababu subira imetumiwa vibaya sana katika Kanisa.

Mwaka 1525 wakulima wa Ujerumani waliandika madai yao kumi na mawili. Walitaka kumchagua mchungaji wao wenyewe. Walitaka kuacha kumilikiwa na mabwana kama mali, kwa kuwa Kristo amewakomboa wote kwa damu yake. Luther aliwaonya wakubwa kwamba wamewaonea watu, akawaonya wakulima wasishike silaha. Vita vilipowaka aliandika maneno makali ya kuwataka watawala wawapige bila huruma, na makumi ya maelfu ya wakulima waliuawa. Sisi tunaobeba jina lake hatuna budi kulisema hili. Mtu yule aliyejua kuwasubiri wenye dhamiri dhaifu pale Wittenberg aliwataka wakulima wavumilie mzigo ambao yeye mwenyewe hakuubeba mgongoni.

Nasi hapa nyumbani tuna kumbukumbu zetu. KKKT, iliyoundwa mwaka 1963 kwa kuungana kwa makanisa saba, ilifungua mlango wa wanawake kubarikiwa kuwa wachungaji mwaka 1990, na kila dayosisi ikaachiwa iamue lini itaanza. Kuna hekima katika njia hiyo. Umoja ulilindwa, na sharika nyingi ambazo zamani zilisema hapana leo zinampokea mchungaji mwanamke bila kusita. Lakini walikuwapo kabla ya hapo wanawake waliosoma theolojia, wakafundisha Kipaimara, wakawatembelea wagonjwa, wakahubiri pale waliporuhusiwa, na waliposikia wito wa madhabahuni waliambiwa wakati bado. Tunapoisifu subira yetu tuulize ni nani aliyelipa gharama yake. Sisi wanaume hatukulipa.

Basi, tufanye nini? Tukiharakisha, tunavunja watu. Tukisubiri, tunawaacha wengine chini ya mzigo.

Nimepata msaada kwa Mtume Paulo, katika mambo mawili ambayo yakisomwa juujuu yanaonekana kupingana. Timotheo alimtahiri, kwa ajili ya Wayahudi wa sehemu zile (Matendo 16:3). Tito alikataa asitahiriwe, hata kwa saa moja hakukubali (Wagalatia 2:3–5). Tohara ni ileile, na Paulo ni yuleyule. Tofauti ni nani aliyekuwa anadai, na nani angeumia. Kwa Timotheo, Paulo alijishusha kwa watu ambao bado walikuwa hawajaelewa, ili wapate kumsikia. Kwa Tito, wenye nguvu walitaka kuwafunga wengine kongwa, na kusubiri kungekuwa kuwasaliti.

Kwa hiyo naliweka hivi, kwa maneno ya mchungaji wa kawaida. Subira ni haki ya mdhaifu, si kinga ya mwenye nguvu. Kama anayechelewesha ni mtu ambaye moyo wake bado haujaelewa, tembea naye polepole, hata ukionekana umeshindwa. Kama anayechelewesha ni yule anayefaidika na hali ilivyo, na kuna mtu anaumia wakati tunasubiri, basi la kumwondolea mtu huyo maumivu lifanyike leo, na mengine yaendelee kuzungumzwa.

Sasa niko usharika wa tatu. Nilipofika nilikuta hali ya fedha inayofanana na ile ya kwanza, na daftari langu lilinisumbua. Safari hii nilianza kwa kuuliza. Nilizunguka kwenye jumuiya jioni, nikauliza sadaka huhesabiwaje, nani aliianzisha njia hiyo na kwa nini. Nikajifunza kwamba mlango wa sakristia ulifungwa kwa sababu miaka ya nyuma fedha ziliwahi kuporwa, na wale wazee wawili walikuwa wameaminiwa kwa kuwa walikataa kukimbia. Nisingeuliza, ningewatendea kama washukiwa. Mjadala ulichukua miezi kumi na minane. Wao wenyewe walipanga nani ahesabu, jumla isomwe wapi, na mnada uendelee lakini uwe mara moja kwa mwezi, na kila kitu kilichonadiwa kiandikwe jina la aliyekileta, si la aliyekinunua tu. Wazo hilo la mwisho lilitoka kwa mama mmoja anayeuza mboga. Mimi nisingelifikiria.

Jambo moja sikulisubirisha. Kulikuwa na mfuko wa karo za watoto yatima, na ilionekana wazi kwamba karo zilikuwa zinachelewa na watoto wanarudishwa nyumbani. Juma hilohilo niliomba Baraza fedha za mfuko ule zihesabiwe na watu watatu na kupelekwa shuleni moja kwa moja. Mzee mmoja alikasirika na hatukusalimiana vizuri kwa miezi kadhaa. Nilimwendea mara tatu nyumbani kwake. Sikubadili uamuzi, lakini nilimwendea.

Je, yatadumu? Najua kwamba badiliko ninalolipenda mno ndilo ninaloshindwa kulikabidhi, na hilo ni jambo la kutubu, si la mbinu. Sisi tunaofundisha kwamba mwanadamu huhesabiwa haki kwa neema hatuna sababu ya kuzing'ang'ania kazi zetu kana kwamba zitatutetea siku ya mwisho. Yule bibi wa ndizi amekwisha kulala. Sikuwahi kumwomba msamaha. Nimemwomba Mungu, na ninaandika haya ili mchungaji kijana anayesoma, au mwalimu mkuu mpya, au mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, aangalie mistari ya sifuri kwenye taarifa yake na kuuliza kuna nani nyuma yake.

Mwezi uliopita nilipata habari ya msiba jioni, nikakimbilia ofisini kuomba nauli ili niwahi basi. Katibu wetu, binti wa miaka ishirini na mitano, aliushika mkononi ule mkoba wa fedha lakini hakuufungua.

"Shikamoo, Mchungaji. Pole na msiba. Tunaandika kwanza."

Nilimwambia basi linaondoka, nitasaini nikirudi.

"Samahani, Baba Mchungaji," alisema, huku akifungua kitabu cha stakabadhi. "Hapa kwetu hatufanyi hivyo."

Nilisimama nikangoja amalize kuandika, nikasaini, nikapokea nauli yangu. Basi nililikosa, nikapanda la saa moja baadaye.